Vikinga masikio vya uwanja wa shabaha: kuvichagua na kuvivaa visivuje

Mkazi wa Nairobi anayeulizia sailensa ya bunduki ya kuwindia anaulizia mali ya nchi nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako kuwa silaha sawa na mtutu wenyewe. Hakiagizwi kama mtu anavyoagiza darubini au mkanda. Kwa hiyo mwenye leseni anayekwenda uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, kwa mazoezi, mlinzi aliyepelekwa na kampuni kujifunza kulenga, na askari wa wanyamapori anayefanyiwa majaribio ya shabaha, wote wamebaki na mahali pamoja pa kuuzuia mlio: mlangoni mwa sikio.

Wala wenye sailensa huko ng'ambo hawajapona. Sailensa nzuri hupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 35. Bunduki ya .308 (namba ya kipenyo cha risasi kwa inchi) ikianzia 165, inashuka hadi kati ya 130 na 145, na hapo bado kuna mpasuko wa risasi yenyewe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, risasi ya .308 hutoka kwa zaidi ya mita 800. Inaipita sauti, na mpasuko huo unaifuata angani njia nzima. Hakuna kitu kinachofungwa mtutuni kinachoweza kuuondoa. Ndiyo maana wawindaji wa huko nao huvaa vikinga, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kizibo cha sponji, kitu kidogo kuliko vyote vilivyoko uwanjani.

Ukubwa wa mlio

Bastola ya milimita 9 hufika sikioni mwa mpigaji ikiwa karibu desibeli 160. Shotgani ya geji 12 iko kati ya 150 na 160. Hata .22 ya kujifunzia, ile ambayo watu huiita ya kitoto, inagusa 140. Kipimo hiki hakipandi moja moja kama bei ya nyanya. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi, kwa hiyo kutoka 140 hadi 160 ni mara mia.

Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka wa 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, na kilele kisichozidi 140 wakati wowote ule. Mwalimu wa kulenga na msimamizi wa uwanja wako kazini sawa na mtu wa mashine ya kusaga. Mwajiri asiwaambie walete vikinga kutoka nyumbani.

Kinachoumia ni vinywele vidogo mno vilivyo ndani kabisa ya sikio, ambavyo vikifa havioti tena. Hasara huanzia kwenye sauti kali, nyembamba, za karibu hezi 4000 (hezi hupima wembamba wa sauti), na kwa hiyo mtu haoni kama anakuwa kiziwi. Anasikia lori, anasikia mbwa, anasikia redio ya jirani. Anachopoteza ni herufi nyepesi kama s, f, sh na th. Anaambiwa "fika" anasikia "shika", anaanza kulalamika kwamba siku hizi watu wanazungumza kwa kumung'unya. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo hutangulia, kwa kuwa ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu huku la kulia likifichwa na kichwa.

Hatua ya kwanza: jua utapigia wapi, na nani yuko kando yako

Kabla ya kuuliza bei, jibu maswali matatu. Silaha ni ipi? Uwanja uko wazi au umefunikwa? Mtutu wa jirani una breki?

Uwanja wenye paa la mabati na kuta za zege hurudisha mlio, hivyo kila risasi unaisikia mara kadhaa, na za wenzako pia. Mtutu mfupi ni mkali kuliko mrefu wa risasi ileile, maana baruti bado inawaka wakati risasi inatoka. Breki ya mtutu, ile yenye matundu ya ubavuni ya kupunguza teke, huirushia gesi pembeni na nyuma. Mwenye bunduki anafurahia bega lake, aliye kushoto kwake anapigwa kofi la hewa. Ukimwona mtu ana breki, omba nafasi nyingine au rudi nyuma ya mstari mpaka amalize.

Kwa bunduki ndefu yoyote iliyo kubwa kuliko .22, kwa bastola chini ya paa, na kwa jirani wa breki, vaa vyote viwili: vizibo ndani ya sikio na vifuniko juu yake, yaani vikombe viwili vilivyounganishwa kwa upinde kama hedifoni. Kwa .22 uwanja ukiwa wazi, kimoja kikivaliwa sawasawa kinatosha. Shotgani uwanja wazi, risasi chache, wengi huvaa kimoja. Sisi tungevaa viwili.

Hatua ya pili: soma pakiti, kisha ipunguze

Kwenye pakiti utakuta namba pamoja na herufi NRR au SNR. NRR ni kipimo cha Marekani, SNR ni cha Ulaya. Havilinganishwi ana kwa ana. Kifuniko kilekile cha Peltor X5A kina NRR 31 na SNR 37, na hakuna kilichobadilika isipokuwa maabara na hesabu. Muuzaji akikwambia "hii ya 37 inashinda ile ya 33", mwulize 37 ya nini.

Namba hiyo imepatikana kwa watu waliovishwa kwa uangalifu chumbani, hawatokwi na jasho wala hawana haraka. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri ipunguzwe hivi kabla ya kuiamini: kwa vifuniko toa robo, kwa vizibo vya sponji toa nusu, kwa vizibo vingine toa asilimia 70. Fanya hesabu uone. Kizibo cha sponji chenye NRR 33 kinabaki na 16.5. Kifuniko chenye NRR 22, ambacho kwenye rafu kilionekana hafifu, nacho kinabaki na 16.5. Kizibo hakina ubaya wowote. Kinachokikata nusu ni kwamba watu wengi hukiacha kikining'inia mlangoni. Ukikiingiza inavyopasa utaikaribia ile namba kamili. Ukikiingiza ovyo hutapata hata hiyo nusu. Hesabu yenyewe ilitungwa kwa kelele za viwandani zinazoendelea, kwa hiyo kwa risasi ichukue kama kadirio tu.

Ukivaa viwili, namba hazijumlishwi. Chukua iliyo kubwa uongeze takriban 5. Sababu ni kwamba baada ya kuziba tundu la sikio, sauti huanza kupita kwenye mfupa wa fuvu, na huko hakuna wa kuizuia.

Kuhusu bandia, tafuta maandishi ya kiwango kilichotumika: EN 352 kwa bidhaa za Ulaya au ANSI S3.19 kwa za Marekani. Pakiti ya kweli huwa na jedwali dogo linaloonyesha upunguzaji kwa kila ngazi ya sauti, kuanzia hezi 125 hadi 8000. Pakiti isiyo na jedwali, yenye namba moja kubwa na picha ya mwanajeshi, iache hapo ulipoikuta. Ukiweza kukifungua kifuniko, chungulia ndani ya kikombe: pasiwe plastiki tupu, pawe na sponji nene.

Hatua ya tatu: chagua kizibo

Maduka ya vifaa vya usalama kule Industrial Area, yale yanayouza gambuti, helmeti na jaketi za rangi ya kung'aa, huuza vizibo kwa jozi au kwa kisanduku. Kisanduku cha kiwandani huwa na jozi 200 na kinafaa klabu au kampuni ya ulinzi.

Sponji laini inayofinywa ndiyo chaguo letu la kwanza kwa mtu yeyote, hata mwenye pesa. Ni ya bei ya chini na inajaza tundu la sura yoyote. Tatizo lake ni kwamba inataka mikono safi na subira. Kama tundu lako ni dogo, tafuta saizi ndogo. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kuhitaji saizi mbili tofauti, na hilo si ugonjwa.

Vya mpira vyenye pete tatu kama mti wa Krismasi huingia haraka na huoshwa kwa maji na sabuni. Vinafaa anayevaa na kuvua mara kumi kwa saa. Lakini ndivyo vinavyopunguziwa asilimia 70 kwenye ile hesabu, na hiyo ni kwa sababu huvuja bila mvaaji kujua.

Vipo pia vyenye kitundu katikati, vinavyopitisha mazungumzo na kuukaba mlio mkubwa. Uwanja ukiwa wazi ni vizuri chini ya vifuniko. Peke yake kwa .308, hapana. Vingine vina kifuniko kidogo cha kuziba kitundu, na watu husahau kukifunga.

Vya kuchongwa kwa umbo la sikio lako hutengenezwa na mtaalamu wa usikivu, anayemimina silikoni sikioni kwanza ili apate umbo. Vinafaa mwalimu anayeshinda uwanjani. Ukinenepa au kukonda sana, vinalegea, hivyo havinunuliwi mara moja kwa maisha.

Pamba si kizibo. Kichungi cha sigara si kizibo. Ganda la risasi lililochomekwa sikioni, jambo ambalo bado hufanywa, si kizibo na linaweza kukwaruza ngozi ya ndani. Hedifoni za muziki zinazotangazwa kwamba zinakata kelele zimeundwa kwa mvumo mzito unaoendelea, kama wa ndege au matatu. Risasi imeshapita kabla hazijaanza kazi.

Hatua ya nne: kuingiza kizibo cha sponji

Hapa ndipo wengi hupotezea desibeli 15, kwa hiyo tutakwenda polepole.

1. Nawa mikono kabla ya kushika silaha au risasi. Vumbi la risasi lina madini ya risasi (ledi), na kizibo kitalibeba hadi ndani ya sikio. Kama umeshashika, futa kwa kitambaa chenye maji.

2. Shika kizibo kati ya kidole gumba na vidole viwili vya kwanza. Kiviringishe huku ukikaza kidogo kidogo, kama mtu anayesokota uzi wa kushonea mkeka, mpaka kiwe chembamba kama mrija wa soda. Kisiwe na mkunjo. Mkunjo hubaki kuwa mfereji hata sponji ikishavimba, na mlio utapita papo hapo.

3. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda, ukilivuta linanyooka. Asiyevuta anasukuma kizibo kwenye kona.

4. Kiingize mara moja, kabla hakijaanza kuvimba, kwa kidole cha shahada. Robo tatu ya urefu iwe ndani.

5. Kizuie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 30. Asubuhi za Julai, baridi ya Kiambu ikiwa imeikaza sponji, zuia kwa dakika nzima, au ziweke kwanza kwenye mfuko wa shati zipate joto la mwili. Ukiachia mapema, sponji inavimba kuelekea nje na kujisukuma yenyewe.

6. Rudia sikio la pili, kisha jipime.

Kipimo cha kwanza ni sauti yako: hesabu moja hadi tano kwa sauti ya kawaida. Isikike nzito, kama uko ndani ya pipa, na iwe sawa pande zote mbili. Kama upande mmoja ni mwepesi, huo unavuja. Cha pili ni viganja: penye kelele isiyobadilika, kama jenereta, ziba masikio kwa viganja kisha uachie, mara kadhaa. Kama unasikia tofauti kubwa, viganja vinafanya kazi ambayo vizibo vilipaswa kuifanya. Cha tatu ni jicho la mwenzako. Akikutazama usoni kwa mbele, asione kizibo kimetokeza.

Kinachovuja hakisukumwi. Kitoe, kisokote upya, anza tena. Kizibo kilichovimba ukikisukuma kinajikunja tu.

Wakati wa kutoa, kisokote taratibu huku ukivuta. Kuking'oa ghafla kunavuta hewa na kunaweza kuumiza kiwambo cha sikio.

Hatua ya tano: vifuniko, na kila kitu kinachoviinua

Kifuniko kinafanya kazi kwa sababu moja: mto wake laini umegusa ngozi mzunguko mzima. Nafasi ndogo ya upana wa kalamu inatosha kukiharibu. Ukitaka kuamini, vaa vifuniko penye kelele, kisha mwombe mtu aingize kalamu chini ya mto upande mmoja. Utasikia mlango umefunguka.

Miwani ndiyo mwizi wa kwanza, na huwezi kuivua, maana macho nayo yanahitaji kukingwa na maganda ya moto. Chagua yenye mikono myembamba iliyo bapa, inayolala kwenye fuvu. Ile ya mitindo yenye mikono minene ya plastiki iache garini. Mito ya jeli hujifinyanga kuzunguka mkono wa miwani kuliko mito migumu ya sponji.

Nywele ni za pili. Misuko minene, rasta, wigi, hata nywele fupi zilizolala kuelekea sikioni, zote zinatengeneza vijia. Zivute nyuma ya sikio kabla ya kushusha kikombe. Kwa kilemba au hijabu, kikombe kikae chini ya kitambaa, juu ya ngozi, na upinde upite mahali ambapo hautateleza. Upinde wa kupita nyuma ya shingo husaidia. Kofia ya baridi (mavin) ikunjwe juu ya masikio. Mwenye misuko ambayo haiwezekani kuisogeza asipoteze pesa kwa vifuniko vya gharama. Vizibo vya sponji ndivyo vitakavyombeba, vifuniko viwe nyongeza.

Upinde nao huchoka. Ukivinyoosha vifuniko juu ya kichwa cha kiti cha gari kwa mwezi mzima, vinalegea na havirudi. Vipime hivi: vaa, inama, tikisa kichwa. Vikisogea, vimekwisha au ni vikubwa kwako.

Sasa tatizo la bunduki ndefu, ambalo dukani halitajwi kabisa. Ukiweka shavu kwenye kitako ili uone kupitia darubini, ukingo wa chini wa kikombe cha kulia unagonga kitako na kuinuka. Unainuka sekunde ileile unayobana kifyatulio. Umesimama na kuzungumza dakika kumi ukiwa umekingwa barabara, na kwa ile sehemu ndogo ya sekunde yenye mlio uko wazi. Kisha unashusha bunduki, kikombe kinarudi, na huoni sababu ya sikio kuvuma jioni.

Hapo ndipo vikombe vikubwa vyenye namba kubwa vinapomwangusha mtu. X5A ni kizuri mno kwa mwalimu aliyesimama nyuma, lakini unene wake haupatani na kitako. Kwa bunduki ndefu chukua kikombe chembamba, kilichokatwa kidogo upande wa chini, hata kama namba yake ni 22, uvae vizibo vya sponji ndani. Jaribu dukani: kama huna kitako cha kujaribia, fimbo ya ufagio ikishikwa kama bunduki inatosha kukuonyesha. Mwuzaji atacheka. Acha acheke. Kikombe kikiinuka bado, punguza urefu wa upinde ili vikombe visogee juu kidogo.

Vifuniko vya umeme

Hivi vina maikrofoni nje na spika ndani. Maneno yanapita, hata kukuzwa. Mlio ukija saketi inakata. Howard Leight Impact Sport, mfano unaojulikana sana, huzuia spika isipite desibeli 82, ina NRR 22, hutumia betri mbili za AAA na hujizima baada ya saa 4.

Faida yake kubwa ni amri. Kosa la kawaida kuliko yote kwa mwanafunzi ni kuinua kikombe kimoja ili amsikie mwalimu, na mtu wa tatu kando yake akafyatua. Vya umeme vinamwondolea sababu ya kuinua. Kama bajeti hairuhusu, kubalianeni ishara za mikono kabla ya kuanza, na mwalimu asiongee na mtu aliye kwenye mstari mpaka silaha zote ziwe chini.

Unapochagua, angalia maikrofoni ziwe mbili, kulia na kushoto, ujue sauti inatoka wapi. Piga makofi karibu na kikombe: sauti nzuri inafifia na kurudi mara, mbaya inakatika nusu sekunde na kukumezea neno zima la mwalimu. Pulizia maikrofoni, ikivuma sana, siku ya upepo utaizima mwenyewe. Umeme hauongezi kinga. Betri ikifa, kikombe na mto vinaendelea kukukinga vilevile, kwa hiyo usivue kwa sababu kumekuwa kimya. Ukivivaa juu ya vizibo, ongeza sauti ya spika kidogo na utawasikia watu vizuri tu. Tundu la waya wa simu lililo pembeni liache lilivyo. Mwenye muziki sikioni hasikii "acha kupiga".

Kutunza

Mito hukauka kwa jasho na jua. Ifinye: ikiwa migumu au ina nyufa, badilisha. Kwa mtu wa kila wiki, miezi sita ni muda wa haki. Kwa hiyo kabla ya kununua vifuniko, uliza kama mito ya akiba inapatikana. Visivyo na mito ya akiba ni vya kutupa. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, bila petroli wala spiriti. Toa betri kama hutavitumia mwezi mzima, kwa kuwa betri ikivuja hula vyuma vya ndani. Usiviache juu ya dashibodi.

Vizibo vya sponji havioshwi. Vikiwa vichafu, vigumu, au ukivifinya havirudi umbo lake kwa dakika moja, tupa. Anayejaa nta sikioni asijichokoe kwa njiti kabla ya mazoezi; kizibo kitaisukuma ndani zaidi. Aende kliniki isafishwe.

Dalili kwamba vinavuja

Masikio yakiwa kama yamejaa pamba baada ya mazoezi, au yakivuma unapoingia chumba kimya, kinga haikutosha siku hiyo hata kama hukuhisi maumivu. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya saa 24 hadi 48. Usirudi uwanjani kabla haijaisha, na ukirudi anza kwa kutafuta panapovuja: kizibo cha kushoto, mkono wa miwani, kikombe kinachoinuliwa na kitako. Mara nyingi utakuta ni mojawapo ya hivyo vitatu.

Pimwa usikivu mara moja ukiwa bado mzima na uhifadhi karatasi yake, maana bila hiyo hakuna cha kulinganisha mwaka ujao. Omba kipimo kifike hezi 6000, si kuishia 4000.

Mvumo ukipita siku mbili, au sikio moja likizima ghafla, au ukaona damu au majimaji, mwone daktari wa masikio, pua na koo bila kungoja. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki hiyo, na hospitali nyingi kubwa za binafsi jijini pia. Kwa sikio lililozima ghafla, nenda siku hiyohiyo: dawa zinazojaribiwa hufanya kazi vyema zikianza mapema, na mtu akikaa wiki mbili akisubiri lifunguke lenyewe, mara nyingi huwa amechelewa. Mweleze daktari ulipiga silaha gani, risasi ngapi, ulikuwa umevaa nini, na sikio lipi lilikuwa upande wa jirani.